Kiraka hakitoshi ikiwa funguo zenyewe zimekwisha kuonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya taarifa mliyochapisha kuhusu udhaifu uliogunduliwa katika programu ya kutunza funguo za usimbaji fiche, yaani siri zinazotumika kuzifunga data zisisomeke na kuzifungua tena, udhaifu unaomwezesha mtu asiye na ruhusa kupenyeza amri zake hadi kwenye hifadhidata ya funguo kwa kuziandika tu ndani ya kisanduku cha kutafutia. Mwandishi wenu alieleza vizuri kwamba watengenezaji wamekwisha kutoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu huo, na kwamba wateja wametakiwa kukiweka haraka. Hadi hapo sina neno. Lakini taarifa ilimalizia kwa kuwatuliza wasomaji kwamba hakuna sababu ya kuhofu, kwa kuwa data zenyewe zilikuwa zimesimbwa wakati wote, na hapo ndipo nilipoona siwezi kunyamaza. Kazi yangu ya kila siku ni kusimamia seva za namna hiyo, na kwangu maneno hayo ni sawa na kumwambia mwenye nyumba asiwe na wasiwasi kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, ilhali kilichochukuliwa ni ufunguo.

Usimbaji fiche wa siku hizi haufichi njia yake. Tangu Auguste Kerckhoffs alipoandika juu ya maandishi ya siri ya kijeshi mwaka 1883, wataalamu wamekubaliana kwamba mfumo mzuri ni ule unaobaki salama hata adui akiujua wote, mradi asiujue ufunguo. Ndiyo maana AES, kanuni ya kusimba data ambayo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliitangaza rasmi mwaka 2001, imechapishwa hadharani, na yeyote anayetaka anaweza kuisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siri yote imewekwa ndani ya ufunguo wenye biti 128, 192 au 256. Ule mrefu kuliko yote ni baiti 32 tu. Ukiandikwa kwa tarakimu za heksadesimali unachukua nafasi 64, ambazo zingeenea katika mistari miwili mitatu ya safu ya gazeti hili. Mamilioni ya rekodi za wagonjwa au za akaunti za benki yanaweza kutegemea mistari hiyo michache. Programu ya kutunza funguo ndiyo iliyokabidhiwa dhamana ya kuzizalisha, kuzihifadhi, kumpa anayestahili na kuziharibu muda wake ukiisha. Programu hiyo ikiweza kurubuniwa, hoja kwamba data zimesimbwa haina tena pa kusimamia.

Neno "kupenyeza amri" huenda likamfanya msomaji adhani kwamba ni ufundi wa wachache. Kwa kiasi kikubwa ni suala la alama za uandishi. Programu inapotafuta ufunguo katika hifadhidata hutunga sentensi ya SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, inayosema, kwa maana, nipe rekodi ambayo jina lake ni hili, na jina lenyewe huwekwa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga. Ikiwa mtunzi wa programu ameyachukua maneno yaliyoandikwa na mtumiaji akayaunganisha moja kwa moja katika sentensi hiyo, basi mtumiaji akiandika alama ya kufunga ndani ya jina, hifadhidata itaamini kwamba jina limekwisha na kwamba kila kinachofuata ni agizo. Haina namna yoyote ya kujua kwamba nusu ya sentensi imetungwa na mwenye programu na nusu nyingine na mgeni. Jambo hili lilikwisha kuelezwa hadharani katika jarida la wadukuzi la Phrack mwezi Desemba 1998, na bado lingali nasi: mwaka 2023 udhaifu wa aina hiyohiyo katika programu ya kuhamishia mafaili ya MOVEit ulitumiwa kuiba data za mashirika mengi katika nchi mbalimbali.

Kwetu tunaoandika Kiswahili udhaifu huu una tabia ya kujifichua wenyewe, maana alama inayofunga jina katika SQL ni ileile ritifaa tunayoitumia katika ng'. Miaka kadhaa iliyopita, katika programu ya kutunza funguo tuliyokuwa tukiitumia kazini, nilisajili ufunguo wa kusimba kumbukumbu za malipo ya nje, nikaupa jina malipo-ng'ambo. Programu ililipokea jina hilo bila kulalamika, ufunguo ukaonekana kwenye orodha, nami nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake asubuhi nikakuta ripoti ya usiku, ile inayoorodhesha funguo zinazokaribia kuisha muda, haikutoka. Mahali pake palikuwa na ujumbe wa kosa kutoka kwenye hifadhidata, ukisema kwamba sentensi haikueleweka karibu na neno "ambo". Niliusoma mara mbili tatu kabla mwili haujanisisimka. Hifadhidata ilikuwa imelichukua malipo-ng kuwa ndilo jina zima, kisha ikajaribu kulisoma neno ambo kama amri. Ambo si amri ya SQL, kwa hiyo kazi ilikwama. Lakini kama badala ya silabi hizo mbili pangekuwa na amri halali, ingetekelezwa usiku ule, kwa mamlaka ya programu yenyewe, bila mtu yeyote kuwa mbele ya skrini.

Naomba msomaji aangalie pia mahali hitilafu ilipojitokeza. Fomu ya kusajilia ufunguo ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu, na ndiyo maana ilipokea jina langu na kulihifadhi sawasawa. Aliyeteleza ni mtunzi wa ripoti, ambaye bila shaka alidhani kwamba jina likishatoka ndani ya hifadhidata yetu wenyewe ni la kuaminika. Mkaguzi anayejaribu fomu peke yake angeondoka ameridhika. Sumu ya namna hii inaweza kulala ndani ya jina la ufunguo kwa miezi, ikingoja tu ripoti, utafutaji au kazi ya kuhamisha funguo iiamshe. Na majina hayaingii kwa fomu tu: huja pia kupitia vyeti vya kidijitali ambavyo mwombaji ndiye aliyeandika jina lililomo, kupitia majina ya watumiaji yanayovutwa kutoka mfumo mwingine, na kupitia mafaili yanayoingizwa kwa mamia kwa mpigo mmoja.

Niliwaandikia watengenezaji wa programu hiyo yetu, ambao sitawataja. Jibu la kwanza lilitushauri tuepuke ritifaa katika majina ya funguo, na toleo lililofuata likaikataza alama hiyo kwenye fomu. Nilisikitishwa na yote mawili. Kukataza alama ni kumtuhumu asiye na hatia, kwani ng'ambo ni neno la Kiswahili sanifu na lina haki ya kuandikwa popote, na pia ni kuacha kosa lenyewe pale lilipo. Wapo waliojaribu njia hiyo kwa nia njema kabisa na wakaona matokeo yake. Maktaba ya python-gnupg, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari, hutumiwa na programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python kuiendesha programu ya usimbaji fiche ya GnuPG, yaani kuzalisha funguo, kuziingiza, kusimba na kusimbua. Matoleo yake yaliyotangulia 0.3.5 yaliruhusu amri kupenyezwa hadi kwenye mfumo endeshi wa kompyuta kwa kutumia alama zenye maana maalumu. Toleo la 0.3.5 likaleta utaratibu wa kuzidhibiti alama hizo, na punde ikagundulika kwamba utaratibu huo haukuidhibiti alama ya dola inayofuatwa na mabano, wala mkwaju wa nyuma. Makosa hayo mawili yamesajiliwa katika CVE, orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, kama CVE-2014-1927 na CVE-2014-1928. Mwaka 2019 maktaba hiyohiyo ikasajiliwa tena, CVE-2019-6690, safari hii kwa sababu nywila yenye alama ya mstari mpya ndani yake iliweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuifanya GnuPG isimbue maandishi mengine badala ya yale yaliyokusudiwa. Siyasemi haya kuwasuta waandishi wa maktaba hiyo, ambao walirekebisha makosa yao hadharani, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nasema kwamba orodha ya alama za hatari haiishi, na anayejilinda kwa kuzihesabu siku moja atasahau moja.

Dawa inajulikana na si ngeni: amri na data zipite njia mbili. Programu hupeleka kwanza sentensi yenye nafasi tupu, hifadhidata huielewa na kuitayarisha, kisha jina hufuata peke yake likijaza ile nafasi. Kwa kuwa amri imekwisha kueleweka kabla jina halijafika, jina likija na ritifaa kumi bado litabaki kuwa jina. Mwezi Machi 2024 mashirika mawili ya serikali ya Marekani, CISA na FBI, yalitoa tamko la pamoja la kuwataka watengenezaji wa programu waondoe kabisa udhaifu wa aina hii kwa njia hiyohiyo. Kwa programu ya kawaida uzembe huu unaudhi. Kwa programu ambayo watu wameinunua kwa kusudi moja tu, la kulinda funguo zao, mimi nauita kuvunja amana.

Najua jibu ambalo baadhi ya wataalamu wenzangu watanipa. Watasema kwamba funguo hazikai uchi ndani ya hifadhidata, kwamba kila mmoja umesimbwa kwa ufunguo mkuu, na kwamba ufunguo mkuu uko ndani ya kifaa maalumu cha HSM kilichojengwa ili kisiutoe nje kwa hali yoyote. Ni kweli, na mahali palipojengwa hivyo ni pazuri kuliko pasipojengwa hivyo. Hata hivyo mshambuliaji aliyefika kwenye hifadhidata hahitaji kuugusa ufunguo mkuu. Katika hifadhidata hiyohiyo mara nyingi mna jedwali linalosema nani anamiliki ufunguo upi na nani anaruhusiwa kuuomba. Akiweza kuongeza mstari mmoja katika jedwali hilo, atauomba ufunguo kwa jina lake kama mteja halali, na programu, kwa utiifu wake wote, itakiomba kifaa kiusimbue kisha itamkabidhi. Kifaa kitakuwa kimefanya kazi yake barabara. Hakikuvunjwa, kiliagizwa na mtumishi ambaye kinamwamini.

Wala kuiba si jambo pekee analoweza kulifanya. Anaweza kuufuta ufunguo, na data zilizosimbwa kwa ufunguo huo, ikiwa hakuna nakala rudufu ya ufunguo, zinakuwa kelele tupu ambazo hata mwenyewe hawezi kuzifungua tena. Tishio hilo peke yake linamtosha mtu anayetaka kudai fidia. Anaweza pia kuubadilisha ufunguo wa umma wa mtu, yaani ule ambao wengine huutumia kumsimbia siri zao, na kuweka wa kwake, ili tangu siku hiyo siri zote zinazotumwa kwa mtu huyo ziwe zinasomeka kwake. Hili la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu halikwamishi chochote na halimstui mtu. Kazi zinaendelea kama jana.

Taarifa yenu ilieleza pia kwamba uchunguzi wa awali haukuonyesha dalili ya mtu kuutumia udhaifu huo. Ningependa sana kujua uchunguzi huo ulitazama wapi. Katika baadhi ya programu za kutunza funguo, kumbukumbu za matukio, zile zinazoeleza nani aliomba ufunguo gani na saa ngapi, huandikwa katika hifadhidata ileile ambayo mshambuliaji anaweza kuiamrisha. Akimaliza kazi yake anaweza kufuta mistari yake kwa sentensi moja ya SQL, na anayekuja nyuma yake atakuta daftari safi. Kukosa dalili katika daftari ambalo mwizi alikuwa na raba yake si ushahidi. Ni pale tu ambapo kumbukumbu hizo zilikuwa zikipelekwa papo hapo kwenye seva nyingine, ambayo programu ya funguo inaweza kuiandikia lakini haiwezi kuifuta, ndipo msemaji anapokuwa na haki ya kutamka kwamba hakuna aliyeingia.

Sasa nirudi kwenye kiraka. Kiraka huziba tundu kuanzia siku kinapowekwa. Hakina uwezo wa kuirudisha siri iliyotoka jana, kwa sababu ufunguo ulionakiliwa ni ufunguo kamili, haupungui na hauchakai, na aliyenao anaweza kungoja miaka. Somo hili tulikwisha kupewa. Mwezi Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa na tovuti nyingi. Haukuwa wa kupenyeza amri. Ulikuwa kosa lililomruhusu mtu wa nje kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya muda (RAM) ya seva kwa kila ombi, na lilikuwamo katika matoleo yaliyotolewa tangu Machi 2012. Nautaja kwa sababu ulihatarisha funguo binafsi za tovuti, kama udhaifu tunaouzungumzia unavyohatarisha funguo, na kwa sababu watafiti walipima watu walifanya nini baadaye. Wengi waliweka kiraka upesi. Lakini ni asilimia 10 tu ya tovuti zilizokuwa na udhaifu zilizobadilisha vyeti vyao vya kidijitali, vinavyofungamana na funguo hizo, katika mwezi uliofuata, na miongoni mwa hizo asilimia 14 zilipata cheti kipya huku zikiutumia ufunguo uleule wa zamani. Walibadilisha karatasi wakabakiza siri iliyokwisha kuwa hatarini. Sidhani kwamba walikuwa wazembe wote. Nadhani wengi wao waliambiwa kwamba tatizo limekwisha, kama wasomaji wenu walivyoambiwa, wakaamini.

Kwa hiyo ninaposema funguo zibadilishwe sina maana ya kubonyeza kitufe kilichoandikwa hivyo na kwenda kulala. Programu nyingi hupanga funguo kwa ngazi mbili: ufunguo wa chini ndio unaosimba data zenyewe, na ufunguo wa juu ndio unaousimba ule wa chini. Kitufe cha kubadilisha mara nyingi hugusa ule wa juu tu. Ufunguo wa chini hufunguliwa, ukasimbwa upya kwa ufunguo mpya wa juu, na data zikabaki vilevile. Kwa utunzaji wa kawaida wa kila mwaka utaratibu huo unafaa na unaokoa muda mwingi. Baada ya tukio la namna hii haufai kitu, kwa sababu mshambuliaji huenda ameondoka na ule wa chini, na ule wa chini haujabadilika hata biti moja. Inabidi kuzalisha funguo mpya za chini, kuzisimbua data zote kwa funguo za zamani na kuzisimba upya kwa mpya, kisha kukumbuka nakala rudufu zilizowekwa kwenye hifadhi za mbali, ambazo hakuna anayezifikiria mpaka siku zinapohitajika. Ni kazi ndefu, inayochosha na inayogharimu, na naelewa kwa nini hakuna msemaji anayependa kuitaja. Hata ikikamilika, data ambazo mtu alikwisha kuzinakili zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo wa zamani zitaendelea kumfungukia, na wenye data hizo wana haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha wanayoielewa.

Ndiyo maana naliomba gazeti lako lisiiache habari hii hapa ilipo. Mwandishi wenu arudi kwa watengenezaji awaulize udhaifu huu ulikuwamo tangu toleo lipi, maana kati ya siku toleo hilo lilipotoka na siku ya kiraka ndipo penye hatari, na kipindi hicho hakikutajwa kabisa. Awaulize kama marekebisho yametenganisha amri na data katika programu nzima, pamoja na ripoti na kazi za usiku, au yamekataza tu alama fulani katika kisanduku kimoja. Kisha aende kwa taasisi zinazoitumia programu hiyo, na huko asitosheke na jibu kwamba kiraka kimewekwa. Aulize ni funguo zipi zimezalishwa upya, za ngazi ipi, na kumbukumbu za matukio zilikuwa zikihifadhiwa wapi. Haya si maswali ya kiufundi kupita kiasi. Kila msimamizi anayeijua kazi yake anaweza kuyajibu katika nusu saa, na anayeshindwa kuyajibu atakuwa amewapa wasomaji wenu habari muhimu kuliko ile ya kwanza.

Kwa upande wetu, siku ile ya ripoti iliyokwama tulikubaliana na wenzangu kwamba tuchukulie kila ufunguo uliokuwamo katika hifadhidata ile kuwa umeonekana, ingawa hatukuwa na ushahidi kwamba kuna aliyeingia, kwa kuwa hatukuwa pia na ushahidi kwamba hakuna. Ilituchukua wiki tatu kuzisimba upya data zote, usiku kwa usiku, na kila mwenye data aliandikiwa barua kuelezwa sababu. Ufunguo mpya wa malipo ya nje uko katika programu nyingine sasa, na jina lake bado ni malipo-ng'ambo.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta, msomaji wako